Ubongo Wangu na Chumba cha Feni ya Maji

Jumatatu, 16 Juni
Joto la Multan limeniingia kichwani. Siku ya ishirini na moja mfululizo kinaniuma! Vidonge viwili kabla ya chai, viwili baada. Feni ya maji, ile inayopuliza hewa baridi, iko chumba kimoja tu, na Mama kampa Mukhtiar, mume wa dada yangu, aliyekuja kukaa wiki mbili, na sasa ni mwaka wa tatu. Eti mgongo wake mbovu, una picha ya hospitali. Kichwa changu hakina picha, basi mimi mvivu. Inaniuma.

Jumanne, 17 Juni
Mungu si Athumani! Hospitali inatafuta wenye maumivu sugu ya kichwa, iwapige picha za ubongo bure. Inasemekana ubongo wetu hubadilika, sehemu nyingine hupungua unene. Nauombea wangu upungue. Daktari Naureen kauliza nameza vidonge vingapi. Nikasema kimoja, tena kwa nadra.

Jumatano, 18 Juni
Aibu! Tuliambiwa tuvue chuma chote. Nikavua saa na mkanda. Hirizi yangu ya shingoni, yenye kibati, nikaificha kwapani, maana Mama aliapa nikiivua nitakufa. Mlangoni mwa mashine kibati kikavutwa na sumaku, kamba ikanikaba. Fundi akafoka, "Mjomba, unataka kutuua?" Mjomba! Nina miaka thelathini na minane. Wakanipekua. Mifukoni wakakuta pakiti sita za vidonge.

Ijumaa, 20 Juni
Picha safi. Safi! Daktari kasema mabadiliko yenyewe ni madogo mno, huonekana wakilinganisha watu wengi; ubongo wa mtu mmoja hauthibitishi kitu. Nikamsihi aongeze kidoa kwa kalamu. Kakataa. Nyumbani Mukhtiar akaniuliza, "Vipi shemeji, wamekuta ubongo humo?" Nilijifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 21 Juni
Maajabu! Daktari kampigia Mama simu. Kamwambia maumivu yangu ni ya kweli, picha iwe safi isiwe safi. Kwamba vidonge vikizidi huleta maumivu vyenyewe. Niviache wiki nne, huenda nikapona. Mama akanishika kichwa. "Nisamehe, mwanangu." Miaka yote nimesubiri neno hilo! Kisha akamwamuru Mukhtiar atoe godoro lake chumba cha feni.

Jumapili, 22 Juni
Nimelala peponi. Asubuhi Mama kaniletea mchuzi wa mifupa. Kasema nivumilie tu bila vidonge, na siku nikipona, chumba kinarudi kwa Mukhtiar.

Nikipona!

Nimemeza viwili. Halafu viwili vya kuhakikisha.