Udongo wa Daraja la Kwanza

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha na kwa herufi kubwa, kwamba mwanzoni mwa mwaka 1976 kata yetu iliyo jirani na Tinde ilithibitishwa rasmi kuwa na udongo bora kuliko kata zote za Shinyanga. Wapo wanaosema udongo wetu ni mchanga mtupu, kwamba hata panya akichimba shimo linamwangukia. Hao hawakusoma ripoti. Mimi niliisoma, tena niliiandikia barua ya kuisindikiza, na barua yangu ilikuwa ndefu kuliko ripoti yenyewe.

Wakati huo nilikuwa Katibu wa Kamati ya Uthibitishaji wa Udongo wa Wananchi. Kabla ya kamati hiyo kuundwa, wananchi walikuwa wakilima udongo usiothibitishwa, miaka nenda miaka rudi, na kula mazao yake bila kibali cha mtu. Wazee wao waliupa udongo majina ya Kisukuma, huu wa viazi, ule wa mpunga, huu wa mtama, lakini hakuna hata mmoja aliyefungua jalada. Kilimo ni sayansi, na sayansi isiyo na jalada ni umbeya.

Basi tukapita mashamba kumi na mawili. Katika kila shamba tulichota kilo mbili za udongo, tukautia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani, tukafunga kamba, tukapiga lakiri na muhuri, nikaandika juu yake kwa mkono wangu: SIRI. Watu walituuliza siri ya nini. Nikawajibu kwamba kama ningewaambia isingekuwa siri.

Shamba namba saba lilikuwa la mjane mmoja, Nyamizi, ambaye wengi walimwita Mama Mihayo. Eka mbili za mtama uliofika magotini, na wajukuu sita wa kuula. Kwa umri alikuwa mkubwa kwangu, kwa cheo mimi nilikuwa mkubwa kwake, kwa hiyo shikamoo ilibaki hewani, kila mtu akiisubiri kutoka kwa mwenzake. Mwishowe akasema "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, nami nikaipokea kama shikamoo. Akautazama mfuko, akaitazama lakiri, akalitazama gari, kisha akasema, "Haya." Nilipenda sana utulivu wake.

Sikujua kwamba huku kwetu, kuanzia Mwakitolyo mpaka Geita, serikali ikifunga udongo kwa lakiri hakuna mtu anayefikiria mihogo.

Saa saba mchana tulisimama Tinde kwa chakula, kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yangu Mageni. Nasema ya Mageni kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi la ng'ombe thelathini na wanane, ambao nao walikuwa wa Mageni, na sina la kuongeza. Tulikula kuku, kisha kamati ikajilaza kidogo ili kutafakari. Mifuko ilibaki kwenye gari chini ya ulinzi wa dereva, Bujiku, mtu mwaminifu aliyewahi kuchimba dhahabu miaka minane kabla ya kupata leseni. Muhuri na lakiri niliviacha humo humo garini kwa usalama.

Tulipoamka saa kumi tulimkuta Bujiku amelowa mpaka viwikoni. Alisema alikuwa anaosha gari. Gari lilikuwa na vumbi vilevile, lakini mimi si mtu wa kudhalilisha wafanyakazi kwa maswali.

Wiki tatu baadaye ripoti ya maabara ikaja. Jamani, ripoti! Udongo wa mashamba yote kumi na mawili ulifanana kama mapacha. Ulikuwa mweusi, ulikuwa na rutuba ya kupindukia, haukuhitaji mbolea ya aina yoyote. Mtaalamu aliyeupima, Ndugu Generosa, aliandika pembeni kwa kalamu kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba angependa kuja kuyaona mashamba hayo kwa macho yake. Niliisoma sentensi hiyo kama pongezi.

Kamati ikakaa siku hiyo hiyo na kutoa Agizo Namba Nne. Mtama, tulieleza, ni zao la udongo maskini, na kuuotesha kwenye udongo wa Daraja la Kwanza ni kuudharau udongo. Kwa hiyo mtama wote katika mashamba yaliyothibitishwa ungeng'olewa ifikapo Alhamisi tarehe 5 Februari, na mahala pake pangepandwa mahindi ya kisasa. Kumwaga samadi shambani kungekuwa kosa, kwa kuwa kungeonyesha kutoiamini maabara. Na ili asitokee mjanja wa kukwepa, nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe: "Ardhi ambayo udongo wake umethibitishwa italimwa mahindi mara moja, bila kujali mwenye ardhi hiyo ni nani." Wajumbe walipiga makofi. Mmoja aliomba nakala akaiweke ukutani.

Siku ya pili Nyamizi alikuja ofisini kwa miguu. Alikaa ukumbini tangu asubuhi mpaka saa nane, kwa sababu nilikuwa nasubiri apatikane mtu wa kumwambia kwamba nina kazi nyingi. Alipoingia hakupiga kelele. Alisema mvua za mwaka huo zilikuwa zinakatikakatika, na kwamba mtama unaweza kuvumilia jua wiki tatu lakini mahindi yakikosa maji siku kumi yanajikunja.

"Mwaka juzi nilizika mjukuu mmoja kwa njaa, Ndugu Katibu," alisema. "Waliobaki ni sita. Nikiung'oa ule mtama watakula nini?"

"Watakula mahindi."

"Lini?"

"Yakishakomaa."

"Na mpaka yakomae?"

Nilimweleza kwamba swali hilo lilikuwa la lishe, na lishe ilikuwa na kamati yake, ambayo ingekutana mwezi wa saba. Nakiri kwamba nilijisikia vibaya, kitu kama kiungulia, lakini kilipita nilipogonga muhuri kwenye barua nyingine. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema ule mchanga wake anaujua tangu alipoolewa na haujawahi kuwa mweusi. Nikamwambia asishindane na vyombo.

Alhamisi ikafika. Nilitaka zoezi lizinduliwe shambani kwa Nyamizi ili wakaidi wengine wapate somo. Kulikuwa na mgambo wanane wenye mapanga, mwenyekiti wa kijiji mzee Tarsisi, na watu wengi ambao walikuja, kama watu wanavyokuja, kuona shamba la mwingine likifyekwa. Nyamizi alisimama katikati ya mtama wake pamoja na wajukuu sita, wamepangwa mstari mmoja kama miche. Nilikuwa katikati ya hotuba, ukurasa wa nne, ndipo Landrova ya maabara ilipoingia.

Akashuka Ndugu Generosa, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kazi. Hakusalimia kwanza. Aliinama, akachota udongo, akaukamua kiganjani. Ukamwagika wote kati ya vidole vyake, mweupe kama unga wa muhogo.

"Hili ndilo shamba namba saba?" akauliza.

Nikasema ndilo, hongera na wewe.

Alifungua mkoba akatoa chupa ndogo. Ndani yake kulikuwa na mdudu mweusi aliyekauka. Alisema aliwakuta wa aina hiyo katika mifuko yote kumi na miwili, na kwamba mdudu huyo huishi mahali pamoja tu, ndani ya mavi ya ng'ombe. Watu wakaanza kucheka chinichini. Nikawaonya kwamba mdudu naye ni sehemu ya utafiti.

Hapo Bujiku akajitokeza mbele, kifua wazi, kama shahidi anayekwenda kusafisha jina lake. Alieleza kwamba siku ile Tinde aliuosha udongo wa mifuko yote kwa karai, mmoja baada ya mwingine, kuangalia dhahabu ambayo serikali imeificha. Aliapa kwamba hakupata hata chembe, na yeyote anayemshuku ameiba aje ampekue. Kisha, kwa kuwa yeye si mwizi, aliirudishia mifuko uzito wake ule ule, akapiga lakiri upya vizuri kabisa.

"Uliijaza udongo wa wapi?" Generosa akauliza.

"Pale pale nyuma. Zizini kwa Mageni. Ndiko kulikuwa karibu."

Wa kwanza kusema alikuwa Nyamizi.

"Basi udongo mliouthibitisha si wangu," alisema. "Kalimeni kule ulikotoka."

Nikaanza kusema kwamba suala hilo lirudishwe kwenye kamati. Lakini Generosa alikuwa ameshaomba Agizo Namba Nne, akalisoma kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye ile sentensi yangu akairudia mara mbili. Bila kujali mwenye ardhi hiyo ni nani. Ilikuwa imetungwa vizuri mno, haikuwa na mwanya hata wa kupitisha sindano. Mgambo wakayarudisha mapanga kiunoni, na mtama ukabaki umesimama. Msafara ukaelekea Tinde, wengine kwa baiskeli, wengine mbio.

Pale zizini mzee Tarsisi alimwita Mageni, akamwambia awahamishe ng'ombe wake kwa sababu mahali hapo panalimwa leo. Mageni alisema wale si ng'ombe wake, yeye anaangalia tu.

"Ni wa nani?"

Mageni akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Msomaji aelewe kwamba enzi hizo kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha wala mali aliyoificha kwa jina la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimetia sahihi tamko kwamba sina kitu isipokuwa baiskeli na redio.

Mzee Tarsisi aliuliza mara tatu, kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyejitokeza. Akatamka kwamba mali isiyo na mwenyewe ni ya kijiji, na maksai walioko humo watakopeshwa kaya zisizo na wanyama wa kukokota jembe, kuanzia kwa Mama Mihayo. Kisha akaniomba mimi, kwa kuwa ndiye Katibu, niandike hati. Nikaandika: "Ng'ombe thelathini na wanane, hawana mwenyewe." Nilitia sahihi na kugonga muhuri. Moyoni nililia, nasema kweli.

Nyamizi aliingia zizini, akapita kati yao bila haraka, akachagua maksai mmoja mkubwa mwenye nundu. Akamshika pembe, kisha akanigeukia kwa heshima zote.

"Ng'ombe wa kulimia lazima umwite kwa jina ndiyo avute," alisema. "Huyu anaitwa nani?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Posho."

Maksai akasikia. Akaja moja kwa moja mpaka nilipo, mbele ya mgambo na kijiji kizima, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti langu, ambamo huwa namwekea magadi.

Ndugu Generosa alifungua ukurasa mpya wa daftari lake. Nyamizi akaja kusimama karibu naye ili asikie vizuri.

"Wabeja, Ndugu Katibu," alinishukuru kwa Kisukuma. "Sasa tutajie na majina ya hao thelathini na saba."