Mizani Imekwenda Kusetiwa

(Hotuba ya Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu wa Maandalizi, siku ya kuzindua Chumba cha Kupimia Watoto, uwanjani mbele ya zahanati. Waliohudhuria ni akina mama sitini na watoto sitini na wawili, maana wawili kati yao wana mapacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Viti. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naona leo amekosa kiti. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, wa kamati ndogo zaidi, na wa ile kamati ya mtu mmoja ambayo imenitumia udhuru. Dada Nesi Mkuu wa zahanati hii, ambaye pia ndiye nesi mdogo na mfagizi kwa kuwa yuko peke yake. Ndugu yetu muuza nyama wa hapo ng'ambo ya barabara. Dereva wangu, katibu muhtasi wangu, mwavuli wangu na mshika mwavuli. Akina mama wazaa chema. Na ninyi watoto wachanga, mlio mgongoni na mlio kwenye ziwa, ambao ndio stekiholda wakuu wa shughuli hii: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi machache. Mtoto mmoja anaangua kilio, wengine wanampokea.)

Ahsanteni kwa hivyo vilio vya shangwe.

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba miezi mitatu iliyopita ofisi yangu iliichukua mizani ya zahanati hii, ile ya kuning'inia, yenye kile kikaptula cha bluu ambacho mtoto huvalishwa akabembea hewani huku mama yake ameshika roho mkononi, na Dada Nesi alipouliza inakwenda wapi tulimjibu kitaalamu, kwa neno moja tu, kwamba inakwenda kusetiwa. Tangu siku hiyo nimesikia manung'uniko. Watu wanasema, kuseti gani huku kusikokwisha? Ndugu zangu, kulaumu ni kazi nyepesi, hata aliyelala anaiweza. Mimi nimetumwa na ofisi kwenye warsha ya siku tano, yenye kalamu na maji ya chupa, kulisomea neno hilo peke yake, na leo nimewaletea elimu hiyo mlangoni bila kuwatoa jasho. (Mama mmoja: “Jasho linatutoka, Mheshimiwa, hapa hakuna turubai la kivuli!”)

Turubai lipo, mama, ila lina kazi nyingine, tutafika huko.

Neno hili la Kiingereza ni fupi kwa umbo lakini lina tumbo kubwa kama la mjumbe wa kamati. Vikombe sita na birika lake ni seti. Makochi ya sebuleni ni seti. Fundi saa anaseti saa, msusi anaseti nywele, na zege likishika fundi anakung'uta mikono anasema limeseti, usilikanyage. Kwenye mpira wa wavu unaweza kufungwa seti tatu na bado ukarudi nyumbani na heshima yako. Jua likizama, wenye lugha wanasema limeseti, na ile televisheni unayolitazamia hilo jua nayo ni seti. Mwezeshaji wetu alituambia maana zake zinapita mia nne. Sisi tulifika ya thelathini na moja, chakula kikawa tayari. (Kicheko. Muuza nyama, kutoka mlangoni kwake: “Hiyo ndiyo maana mliyoielewa!”)

Sasa basi, kwa mwananchi wa kawaida, anaposikia mizani imekwenda kusetiwa, yeye anafikiria bisibisi. Serikali haifikirii bisibisi. Serikali inafikiria fremuweki. Tuliposema inasetiwa tulimaanisha inapangiwa, inawekewa, inaundiwa, inaandaliwa, inakaliwa vikao na inatengenezewa mazingira wezeshi, yote kwa mkupuo mmoja. (Mama wa kilemba cha njano, aliyekaa mbele kabisa na mtoto mapajani, anasimama: “Mheshimiwa, samahani. Mizani yetu iko kwenye maana ya ngapi?”)

Swali zuri. Keti, mama.

(“Sikai, baba yangu. Mwanangu aliugua akiwa na miezi minne, mstari kwenye kadi ukashuka. Nesi akaniambia nimlete kila wiki tuone kama anapanda. Wiki ya kwanza nakuja, mizani hakuna. Sasa ana miezi saba, kadi haina hata nukta moja. Nataka kujua tu, mwanangu anapanda au anashuka?” Akina mama: “Muulize, dada!”)

Mama, uchungu wako umepokelewa na utawekwa kwenye kumbukumbu. Lakini tusijifanye kama hakuna hatua za mpito. Ninazo taarifa za kiintelijensia kwamba mmekuwa mkiwapima watoto hapo buchani, na huo ni ubunifu wa jamii ambao ofisi yangu imekwisha kuuingiza kwenye ripoti kama mafanikio yake. (Muuza nyama: “Naiosha ndoano kwa maji ya moto, namfunga mtoto kwenye shuka safi, natoa uzito wa shuka! Wa huyo dada nilimpata kilo saba na ushee!” Nesi: “Kaka, nilishasema, kadi haiandikwi kilo za buchani. Mizani yako inapima na mfupa.” Muuza nyama: “Kwani mtoto wenu hana mfupa?” Kicheko kirefu. Mama wa kilemba cha njano hacheki. Anaikunjua kadi yake, anaikunja.)

Tulieni, tulieni. Twende kwenye takwimu, maana takwimu hazina kelele.

Utekelezaji wa mradi huu umefikia asilimia mia moja na kumi na nne. Tumekaa vikao arobaini na viwili, vikiwamo sita vya kujadili kwa nini vikao ni vingi. Lakini fahari yangu kubwa, na hapa naomba katibu muhtasi ainuke na watu wawili wamsaidie kulinyanyua, ni hili faili. Litazameni! Faili la mradi huu, ndugu wananchi, lilizaliwa likiwa na gramu mia tatu tu, dogo, jembamba, karatasi nne na pini moja ya kutu, na wapo waliosema halitapona. Sisi hatukukata tamaa. Tulilifuatilia wiki hadi wiki, tukalifungulia kadi yake ya maendeleo, hii hapa, mnauona mstari unavyopanda? Haujashuka hata wiki moja! Leo lina kilo kumi na moja na gramu mia mbili. Kilo kumi na moja, kwa miezi mitatu! Ni mama gani hapa mwenye mtoto wa namna hiyo? Anyooshe mkono!

(Mama wa kilemba cha njano: “Mheshimiwa, mlilipima na nini?”)

Kwa mizani, mama.

(“Mizani ipi?”)

Mizani ya kisasa, inayoning'inia. Linavalishwa kikaptula cha bluu, kurasa za mbele zinapita mguu huu na viambatanisho vinapita mguu ule, na… (Zogo kubwa. Nesi amekaa chini ghafla, kwenye beseni. Mama wa mapacha: “Wamelivalisha faili kaptula ya mwanangu!”)

Ndugu wananchi, ndugu wananchi! Msiweke hisia mahali pa utaratibu. Faili lisipotimiza kilo kumi na mbili haliruhusiwi kupanda ngazi ya juu. Hiyo ni kanuni. Likipanda ngazi ya juu, linasainiwa. Likisainiwa, mizani inarudi kwenu. Na faili litafikaje kilo kumi na mbili bila kupimwa, na litapimwaje bila mizani? Kwa hiyo mkitazama kwa jicho pana, mizani imechukuliwa ili irudishwe. Mtoto wa mtu hapimwi kienyeji, lazima faili litangulie. Zimebaki gramu mia nane tu, na hotuba hii ina kurasa thelathini. (Muuza nyama: “Zisome zote basi, tufike!”)

Sasa naelekea kwenye tukio lenyewe. Mbele yenu mnaliona jengo. Kuta nyeupe, bati jekundu, madirisha mapana, na juu ya mlango maandishi ya dhahabu: CHUMBA CHA KUPIMIA WATOTO. Hili ndilo jibu kwa wenye mashaka. Nipeni mkasi. Utepe huu naukata kwa niaba ya… (Upepo unavuma. Jengo linapinda katikati, bati linagusana na mlango, dirisha moja linapepea. Watoto wanashangilia.)

Upepo huo haukualikwa. Msiogope, akina mama, jengo linapumua. Ni teknolojia mpya ya kuruhusu hewa. Mshika mwavuli, hebu shikilia hilo dirisha. Hapo hapo. Vizuri.

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema SETI, mnajibu TAYARI. Seti! (“MIZANI!”) Hapana, TAYARI. Mtoto mwenye afya! (“MIZANI!”) Faili lenye afya! (“MIZANI YETU!”) Basi, naona hamasa ni kubwa, tuiache ilivyo.

Imebaki shukrani. Namshukuru Mwenyekiti wa Kamati ya Viti kwa viti vinne vya waheshimiwa, ambavyo vitarudi ukumbini jioni hii. Namshukuru kipekee fundi wa kuchora mabango, aliyelichora jengo hili kwa siku mbili kwenye turubai moja tu, pamoja na vivuli vya madirisha, hadi mimi mwenyewe asubuhi nilikaribia kuugonga mlango. Namwomba alikunje taratibu akianzia upande wa bati, kwa sababu kesho saa nne litazinduliwa mtaa wa pili, na keshokutwa mtaa wa tatu, ambako lilitakiwa liwe limezinduliwa jana. Nawashukuru wataalamu wa uwanja kwa kutochimba msingi wowote, hivyo kuyalinda mazingira. Na namshukuru dereva wangu, ambaye sasa atafungua buti ya gari, kwa kuwa kanuni inataka faili lipimwe kabla na baada ya kila hotuba, ili tujue hotuba imeliongezea kiasi gani. Dereva!

(Dereva anafungua buti. Ndani, juu ya gurudumu la akiba, imelala mizani na kikaptula chake cha bluu. Mama wa kilemba cha njano ndiye wa kwanza kufika. Anaichukua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto kwa mkunga. Dereva anatazama pembeni, anasema, “Mimi kazi yangu kufungua buti, shemeji.”)

Mama! Mama, hicho ni kifaa cha ofisi! Kimesetiwa kwa matumizi ya karatasi! Jamani, itifaki! Mshika mwavuli, mzuie! (“Nimeshika dirisha, Mheshimiwa!”)

(Nesi ameinuka. Anaitundika mizani kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa ikilibeba turubai. Mlango wenye maandishi ya dhahabu unaporomoka taratibu na kujitandaza chini, na akina mama wanakaa juu yake. Nesi anakikung'uta kikaptula, zinadondoka pini mbili. Mtoto anavalishwa. Anabembea. Mshale unatetemeka, uwanja mzima umeshika pumzi.)

Hata mimi, naomba iandikwe, hata mimi.

(Nesi: “Kilo saba na gramu mia moja.”)

(Mama: “Rudia, dada.”)

(“Saba na mia moja, mama. Alikuwa tano na mia tisa. Amepanda. Leta kadi.” Nukta inawekwa. Vigelegele. Mama wa kilemba cha njano amemficha mtoto shingoni kwake, mabega yanamtikisika, na mtoto anavuta kilemba.)

Ndugu wananchi… hem… kama nilivyosema tangu mwanzo, haya ndiyo matokeo ya feizi ya kwanza. (Hakuna anayesikiliza. Foleni imezunguka gari. Dereva: “Mheshimiwa, na faili sasa tulipimie wapi?” Muuza nyama, akifuta mikono: “Lileteni hapa kwangu. Ila semeni mapema: na mfupa, au bila mfupa?”)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Naomba tu, nani aliyekikalia kiti changu?

(Mama mwenye mapacha: “Mimi, baba. Nipokee huyu mmoja, zamu yetu imefika.”)