Basi la Umma Lenye Urefu wa Kiganja

Kwa furaha kubwa, na baada ya sala, Kitengo cha Usafiri cha Kisangani kilitangaza kwamba basi la umma limerudi barabarani. Tangazo hilo nililiandika mimi, Isaïe, katibu wa kitengo. Basi lenyewe liliteketea majeshi mawili ya wageni yalipopigana katikati ya mji wetu, lakini jambo hilo halikuhusu tangazo.

Lililohusu ni kwamba Kamishna kutoka makao makuu alikuwa anakuja kwa ndege kulikagua. Mkuu wangu, Directeur Constant, akatoa kwenye droo kibasi cha kuchezea, cha chuma, kirefu kama kiganja.

"Isaïe, ukifanye kama lile letu. Sawasawa kabisa."

Nilifanya kazi kwa hofu ya Mungu. Nilikwangua rangi nyekundu kwa wembe, nikapaka kijani na mstari mweupe. Spoku ya baiskeli ikawa keria ya juu. Directeur akakumbuka kwamba bampa ilikuwa imebonyea upande wa kushoto. Tukaigonga kwa nyundo, kwa maana serikali haisemi uongo. Kisha tukaweka mikono juu ya basi, tukaomba lisipate ajali. Maombi hayo yanajibiwa hadi leo.

Ili basi lisipate mshindani, Directeur alipiga marufuku toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria nyuma, kwenye barabara yote ya uwanja wa ndege. Trésor, mwendesha toleka ambaye mke wake alikuwa ametoka kujifungua, akaja ofisini.

"Papa Directeur, bisi iko wapi?"

"Iko mbele yako, juu ya meza."

Trésor akainama, akachungulia kiti cha dereva kupitia kidirisha chake. "Na chauffeur?"

"Atateuliwa."

"Bon. Na bibi yangu na mutoto, watakula nini? Rangi?"

"Utaratibu unaendelea," nikamjibu kwa upole wa Kikristo.

Kamishna alifika, akalipiga basi picha kwa karibu sana, ili meza isionekane. Alifurahi mno.

"Directeur, félicitations! Alors, kama bisi iko, jeep ya kitengo ya nini tena? Jeep inaenda ku front ya vita. Kesho asubuhi, mbele ya ndege kuruka, uniletee bisi ku aéroport, nisaini nomination yako ya cheo kipya."

Jeep ikaondoka naye.

Asubuhi tulisimama kando ya barabara ya uwanja wa ndege, Directeur amevaa koti na tai, basi mkononi. Trésor na wenzake walikuwa wameegemea baiskeli zao.

"Trésor, mwanangu, nipeleke haraka!"

"Aa, Papa, mimi naogopa sheria. Panda bisi, siti ziko mingi."

"Ukae nyuma, mbele kuko jua!" mwenzake akadakia.

Directeur akatangaza palepale kwamba marufuku imefutwa. Nilimkumbusha, kwa heshima, kwamba tangazo lisilo na muhuri si tangazo, na muhuri ulikuwa ndani ya jeep.

Tukatembea. Katikati ya njia ndege ikapita juu ya vichwa vyetu. Directeur akainua basi hewani, kana kwamba Kamishna angeweza kusaini kupitia dirisha la ndege.

Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yetu. Trésor akatupita, amempakia mama mmoja na mikungu yake ya ndizi.

"Na huyo je?" Directeur akapaza sauti. "Sheria iko wapi?"

Trésor hakugeuka.

"Huyu hana bisi, Papa."