Malalamiko Kuhusu Wafu Wetu Kuhesabiwa Matajiri

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kupima Hali za Kaya,
Antananarivo.

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, na mume wangu Rabemanana naye mzima, hasira tu ndizo zinazotusumbua. Anayeumwa ni mjukuu wetu Voahirana, wa miaka mitatu, ambaye kwa mujibu wa ofisi yako hawezi kuumwa kwa kuwa ni mtoto wa tajiri. Ahsante kwa heshima hiyo. Tungeshukuru zaidi kama heshima ingekuwa inalika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana wenu Tahina alikuja wakati wa mvua kutugawa mafungu matano, kuanzia maskini hadi tajiri, ili mjue watoto wa fungu gani wanadumaa. Kazi njema. Akauliza, "Baba, ukoo wenu una nyumba ya saruji?" Mume wangu akajibu, "Ipo, kule kilimani, tena ina mlango wa chuma." Ni kaburi la ukoo, Mheshimiwa. Wewe ni mtu wa milima hii, unajua hakuna Mbetsileo atakayeikana nyumba ya baba zake mbele ya mgeni, hata kama mwenyewe analala kwenye udongo. Tahina angekwenda kuitazama, lakini alivaa viatu vya mjini na njia ilikuwa tope.

2. Akauliza waliomo ni wangapi, na nani kaugua mwaka huu. Mume wangu hajui kusema uongo. "Kumi na tisa, mwanangu, na hakuna hata aliyekohoa." Basi sisi ndio vinara wa wilaya, kwa mali na kwa siha.

3. Nikampeleka Voahirana zahanati. Mkanda wa kupimia mkono uligota kwenye rangi nyekundu. Muuguzi akatafuta jina letu, akacheka. "Bibi, nyinyi si ni fungu la juu? Watoto wa huko hawakondi hivi. Mkanda huu umechakaa." Akampima mkono wa pili, nao ukasema vilevile, akaulaumu mkanda tena. Unga wa lishe hatukupewa. Nililia njia nzima. Kila baada ya hatua chache nilikuwa nikipapasa mgongoni kuhakikisha kwamba mtoto bado yumo.

4. Unga amepewa Randriamaro, mfanyabiashara wa mchele. Ukoo wake haujajenga kaburi, nyumba amesema ni ya shemeji, na lori pia ni la shemeji. Shemeji huyo hatujawahi kumwona. Watoto wake, wenye mashavu kama maandazi, wameukataa unga, kwa hiyo unaliwa na bata. Naomba bata hao nao wawekwe katika ripoti yenu, maana wamenawiri sana.

5. Kwa kuwa wafu wetu mmewaandika wakazi wa kaya, haki yao ni kupimwa. Leteni mizani. Naahidi mtawakuta wamekonda kuliko mtoto yeyote wa nchi hii. Unga wao nitaupokea mimi kwa niaba yao.

6. Hilo likishindikana, tutahamia kaburini. Voahirana akishakanyaga saruji, bila shaka atarefuka kama majedwali yenu yanavyotaka.

Wasalimie wote hapo ofisini, na Tahina, na viatu vyake.

Mimi mtiifu wako,
Razanamalala, mke wa Rabemanana,
Ambositra.

Tanbihi: Msije mwezi wa nane, tutakuwa na shughuli ya kuwatoa wafu kaburini na kuwavisha sanda mpya. Mume wangu ameuza shamba la mpunga la bondeni, na tutachinja ng'ombe wawili. Nilimwambia tumbakizie mtoto japo ng'ombe mmoja wa maziwa, akasema, "Watu watatuonaje?" Sina haki ya kumlaumu, maana sanda ya mama mkwe nimeichagua mwenyewe, hariri tupu. Voahirana atakula nyama siku hiyo. Kama ni lazima mumpime, mpimeni siku hiyo.