Kasuku wa Shangazi Ametulia

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kaamuru kasuku atolewe chumbani kwa Shangazi. Eti vumbi la manyoya linamharibia kifua. Tundu limehamia kibarazani, chini ya ulinzi wangu. Shangazi hawezi tena kuinuka kitandani. Amesema hamu yake ni moja tu: auone uso wa ndege wake ukutani, umetariziwa kwenye kitambaa, umtazame kama alivyozoea kutazamwa. Atakayemridhisha atarithi cherehani. Mdogo wangu wa kike alianza kulia. Mimi nilianza kutafuta penseli.

Jumanne, 5 Machi
Mdogo wangu, fundi wa kutarizi tangu utotoni, kakaa mbele ya tundu asubuhi nzima bila kuchora hata mstari. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anamzoea kwanza. Jicho ndilo ndege mwenyewe, mengine ni mavazi tu. Maringo hayo! Mchoro wangu wa kwanza umetoka kama kiatu. Wa pili kama kiatu kingine. Kasuku hatulii: anazungusha shingo, anapanda waya, ananiita mvivu kwa sauti ya Shangazi mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetarizi bawa zima, kitambaa kikiwa pajani. Kazi safi! Niliposimama, kitambaa nacho kikasimama. Nilikuwa nimelishona bawa kwenye suruali. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajitolea kunifumulia. Nikakataa. Njama naijua nikiiona. Nimefumua mwenyewe kwa mkasi: bawa limekwenda, suruali imekwenda. Lakini kosa si la mkono wangu. Kosa ni la ndege asiyetulia. Nina wazo.

Ijumaa, 8 Machi
Robo ya kidonge cha usingizi cha Shangazi, ndani ya ndizi. Robo tu! Mimi ni mtu wa kiasi. Kasuku akala, akaniita mvivu, akatulia. Akatulia vizuri ajabu. Nilimchora unyoya kwa unyoya, nikaanza kutarizi hapo hapo, na kwa mara ya kwanza maishani mkono wangu ulitii macho yangu. Jioni nikamgusa nimshukuru. Alikuwa wa baridi.
Nimemfukia nyuma ya pipa la maji. Nimefunika tundu kwa shuka na kutangaza kwamba ana mafua, asisumbuliwe. Roho inaniuma kweli. Chakula hakikupita, nikala kidogo tu, mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Tumempelekea Shangazi kazi zetu. Kasuku wa mdogo wangu kainamisha kichwa kama anayetaka kusema neno. Shangazi akatabasamu. Kisha akashika wangu. Akapitisha kidole kwenye jicho, lile nililolishona nusu limefumba, kama nilivyoliona. Akaniuliza amekufa lini. Nikasema ana mafua. Akauliza tena, polepole, akaniita mwanawe. Nikasema Ijumaa.
Hakunigombeza. Aligeukia ukutani akalia bila sauti, nami nikasimama pale natamani ardhi ipasuke inimeze. Mdogo wangu kapewa cherehani.

Jumatano, 13 Machi
Shangazi alifariki jana alfajiri. Tumemzika leo. Mdogo wangu kanieleza alivyoagiza Shangazi: kasuku wa mdogo wangu abaki ukutani, wangu azikwe naye, maana huyo ndiye anayeijua njia. Nililia makaburini mpaka Mjomba akanishika mkono. Nilimpenda Shangazi. Nyumba haina tena wa kuniita mvivu.
Hata hivyo, tuseme ukweli: kati ya kazi mbili, ni ipi aliyoondoka nayo? Mjomba naye kaliona hilo. Ana jogoo wake anayempenda kama mtoto, kaniomba nimtarizie picha. Nimekwenda kumwona jogoo mwenyewe. Hatulii hata kidogo.
Vidonge vya Shangazi bado vipo kabatini. Jogoo ni mkubwa kuliko kasuku. Nusu itatosha.