Karavani Yangu Yaenda Ruracio Elburgon

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imefika! Karavani yangu, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari! Imesimama mbele ya nyumba hapa mtaani Section 58, imeziba geti la jirani, na mtaa mzima umetoka kutazama. Nimeinunua kwenye shamba moja la zamani kule Njoro, ambako kuku walikuwa wakitagia ndani. Mke wangu Celestine ameuliza kama kuku nao wamo kwenye bei.

Mpango ni huu. Jumamosi mpwa wangu Travis anapeleka mahari Elburgon, kwa akina Wariara. Ruracio yenyewe! Nitaongoza msafara, karavani nyuma yangu, zawadi zote ndani: mablanketi, masufuria, tangi la maji la mama mkwe wake. Wageni mia mbili wataiona. Kila mwenye binti ataikodi iwe chumba cha bibi harusi, nami nitaacha kazi yangu ya kuosha viti vya kukodisha.

Nimempigia Obura, babake Travis, mume wa dada yangu Edinah. Amecheka. Halafu akauliza kama gari langu lina waya za kuwasha taa za karavani. Waya! Miaka thelathini ametengeneza stima kiwandani, sasa amestaafu na anakagua shemeji zake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshtuka. Nimetoka kwa Kemboi, fundi wa waya. Kumbe gari langu la kutoka Japani huhesabu balbu zake! Ukiunganisha karavani kwenye taa za nyuma hivi hivi, kompyuta inadhani gari limeugua. Lazima kijisanduku chake maalumu na waya mpya kutoka kwenye betri. Tena plagi ya karavani ina pini kumi na tatu na soketi yangu ina matundu saba.

"Boss, usiunganishe kienyeji," akaniambia. "Hii gari inajua taa zake."

Bei ya kijisanduku sitaiandika, maana Celestine husoma kitabu hiki. Niliaga kwa heshima, nikaenda kununua soketi kuukuu ya lori na tepu nyeusi. Taa ni taa.

Edinah amepiga simu kunikumbusha masharti. Mzee Wanyoike, babake Wariara, ametaka tufike kabla ya saa sita. Ikipita hapo geti linafungwa. Na Wariara anaondoka tarehe tatu Septemba kwenda kazi ya uuguzi ng'ambo, miaka miwili, na baba yake amesema bila ruracio hakuna uchumba. Nimemwambia dada yangu asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemaliza! Nilikaa kwenye kigoda katikati ya gari na karavani, nikaitazama karavani uso kwa uso. Taa iliyo upande wa mkono wangu wa kushoto nikaipa waya wa kushoto wa gari. Ya kulia, wa kulia. Kazi ya nusu saa.

Celestine alisimama nyuma, barabarani, tujaribu. Nikawasha kushoto. Akasema inawaka ya kulia. Nikamweleza kwamba ni kwa sababu anaangalia kutoka nyuma. Akasema hata ukiwa nyuma, kushoto hubaki kushoto. Nikamshukuru, tukaacha mjadala.

Nikikanyaga breki, taa ya ndani ya karavani inawaka. Sikuipanga, lakini inapendeza. Kwenye dashibodi kumetokea taa tano za njano. Nimezibandika tepu.

Ijumaa, 8 Agosti

Obura amekuja kukagua! Amezunguka karavani mara mbili, mikono nyuma, kama mtu wa ushuru. Akaomba niwashe indiketa. Nikamwambia betri inapumzika kabla ya safari.

Travis alinivuta kando. "Anko, kama hauna uhakika, please, hii kitu ibaki tu nyumbani. Sina Saturday ingine." Nikampiga bega. Kijana ana woga, lakini ana adabu.

Edinah amechoshwa na ugomvi wetu, akamwambia mumewe aniachie niongoze. Obura akakubali! Magari matatu yatafuata taa zangu. Nimeosha karavani hadi kwenye magurudumu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku gani hii!

Tulitoka mapema. Baada ya Njoro gari likajiona mgonjwa kweli, likakataa kuzidi kilomita arobaini kwa saa. Nililikanyaga, likaguna. Karibu na Elburgon ukungu ukashuka, nikawa sioni hata boneti yangu. Nyuma karavani imeziba kila kitu. Kwenye njia panda baada ya kiwanda cha mbao niliwasha indiketa ya kulia, nikakata kulia, nikamtukuza Mungu.

Obura akaanza kupiga simu. Mara sita! Nikajua anataka kuniambia naenda polepole. Nikazima simu.

Saa tano kasorobo tukawa getini. Wa kwanza! Ndani wanawake wakaanza kuimba, na desturi ni wageni wajibu kwa wimbo ndipo geti lifunguliwe. Nikageuka niwape ishara watu wetu. Ukungu mtupu! Tukaimba sisi wawili, Celestine na mimi. Ubeti wa pili sikuujua. Geti halikufunguliwa. Mzee Wanyoike akachungulia, akaniuliza bwana harusi yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma. Akatazama nyuma, akanitazama mimi.

Kumbe! Karavani ilikuwa imewaambia kushoto! Magari yote matatu yalikata kushoto, yakaishia kwa mzee mmoja anayeitwa Thuo, ambaye naye leo alikuwa akingoja wageni wa mahari. Wakaimba, wakafunguliwa, wakapewa chai. Wakaletewa wasichana watano waliofunikwa leso kichwa hadi miguu, Travis akaambiwa amchague wake. Akakagua vidole, akakagua viatu, kisha akasema kwa adabu kwamba hapo wake hayupo. Wazee wakataka kujua binti yao amepatikana na kasoro gani!

Walifika kwa Wanyoike saa saba kasoro dakika kumi. Geti lilikuwa limefungwa. Mzee ametupa tarehe nyingine moja tu, 30 Agosti. Siku nne kabla ya ndege! Zawadi tumerudi nazo.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda kanisani. Edinah amesema Wariara alikaa ndani na leso yake kichwani hadi saa saba, akisikia watu wawili wakiimba getini, na alilia. Hilo limeniuma. Limeniuma kweli.

Obura alikuja jioni. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Akasema tarehe 30 karavani ibaki nyumbani. Akaona aibu yangu, akaongeza kwamba naweza kupanda gari lake, kiti cha mbele. Nilikubali. Nilimshika mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefikiri kwa kina. Kosa lilikuwa la ukungu! Karavani haikuonekana vizuri, basi.

Tarehe 30 nitatoka alfajiri peke yangu, kabla Obura hajaamka. Wakifika Elburgon wataikuta getini, na Wariara atasahau machozi yote. Nimenunua taa za Krismasi mia tatu, nyekundu na kijani, nikaizungushia karavani yote na kuunganisha kwenye ule ule waya wa breki. Inapendeza mno! Mwanzoni fyuzi iliungua mara nne. Mara ya tano nimeweka msumari mahali pa fyuzi, na tangu hapo haijaungua tena. Kuna harufu kidogo ya kuungua ndani, upande wa mablanketi, lakini nimefungua dirisha.