Prosesa Yangu Inafanya Kazi kwa Gaspa

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, tena mbele ya wanakwaya.

Gaspa ni jirani yangu hapa Majengo. Wote tunahariri video za harusi na kipaimara, tumetenganishwa na ukuta tu. Tangu abadilishe prosesa ya kompyuta yake, ule ubongo unaoipa kasi, wateja wananipita mlangoni wakienda kwake. Wengine wananisalimia kabisa! Wivu umenikaba mpaka ugali haushuki.

Juzi kwaya yetu imerudi kutoka Wampembe, ilikokwenda kurekodi video ya nyimbo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwenyekiti wetu, Mama Oliva, akasema kazi ya kuihariri atapewa mwenye mashine ya kasi. Nikaingia kwa Gaspa nikijifanya naazima chaja, nikachungulia boksi la prosesa yake. Kisha nikaagiza Mbeya ya jina lilelile, ila kubwa zaidi. (Nimuulize kama itakubali kwenye kompyuta yangu? Bora nife.)

Leo asubuhi mzigo umefika kwa basi. Nikawaita wanakwaya waje washuhudie, nikawapangia viti. Mama Oliva akasali kuibariki mashine. Nikaing'oa prosesa ya zamani kwa mbwembwe, vipini vyake, vile visindano vya chuma, vikapinda. Sikujali, mpya si ipo?

Ile ya zamani ina vipini chini, kama brashi. Kuigeuza mpya, haina hata kimoja. Bapa! Nikajua nimepigwa. Nikampigia muuzaji hapohapo, nikaweka spika ili wote wasikie ninavyomkomesha. Nikamwambia amenitumia prosesa iliyong'olewa vipini, tapeli mkubwa.

Jamaa wala hakukasirika. "Kaka, hizo za sasa hazina vipini, vipo kwenye mazabodi. Mazabodi yako ni ipi?"

Nikaiangalia mazabodi, ule ubao wa ndani unaopokea prosesa. Matundu matupu, kipini hata kimoja hakuna.

"Ya zamani," nikasema polepole.

"Sasa nani alikwambia itakubali?"

Na baridi yote hii ya Sumbawanga, natoka jasho. Wanakwaya wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Gaspa alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Akaingia, akamwamkia Mama Oliva shikamoo, akaichukua prosesa yangu na kuiangalia.

"Mshikaji, mazabodi yangu inaikubali hii. Tuiweke kwangu, kazi tufanye wote."

Ningekataaje? Ya zamani nimeshaiharibu.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa nimekaa kwenye stuli ya Gaspa. Video inakwenda kama maji. Mama Oliva amemsifia kwamba mashine yake ni moto. Gaspa, kwa roho yake nzuri inayoniudhi, akamweleza kuwa prosesa ni yangu. Mama akasema hayo ya prosesa hayajui, yeye anaona mashine ya Gaspa.

Halafu akanigeukia mimi, akanituma soda za wageni. Ndiyo naenda. Atakayenicheka nikipita na kreti, salamu zangu asitegemee.